Nukta Chumbani kwa Mama

Mlango wa chumba cha mama una komeo jipya. Lile la zamani, la shaba, ambalo marehemu mume wangu alilifunga kwa mkono wake tulipohamia Buhongwa hapa Mwanza, liling'olewa pamoja na skrubu zake zote siku ya Jumatano, saa tano asubuhi, na wanaume watano waliokuja kumwokoa mtu ambaye hakuhitaji kuokolewa. Nimelitia kwenye mkebe wa vifungo. Kila nikitafuta kifungo nalikuta, na kila nikilikuta damu inanichemka upya. Wanaonijua husema mwalimu ana hasira za karibu. Ni kweli, ninazo. Lakini hii nimeiweka makusudi na sitaki ipoe, kwa sababu nusu yake najikasirikia mwenyewe.

Mama yangu ni Mhaya wa Muleba, mjane wa mkulima wa kahawa, mwenye miaka themanini na ushee. Nilimleta Mwanza migomba ilipomshinda kupalilia. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na mume wangu, Msukuma wa Misungwi, aliniachia nyumba hii pamoja na majaruba ya mpunga huko kwao. Tunaishi wawili tu, mama na mimi. Siku mbili kwa wiki naenda shamba, mama anabaki peke yake, na jirani yetu, mama mmoja mwuza dagaa, alikuwa na kazi ya kumchungulia juu ya uzio na kumsalimia.

Siku moja mama aliteleza uani, penye karo la kuoshea vyombo. Jirani alikuwa ameenda sokoni. Mama akakaa pale chini mpaka jua likamfikia, akisubiri mtu. Hakuvunjika popote, lakini mdogo wangu aliposikia alilia kwenye simu kama mtoto. Huyu ndiye kitinda mimba wetu. Anaishi Dar es Salaam na anafanya kazi ya mitambo ya mawasiliano. Kati ya watoto wa mama tumebaki yeye na mimi, na anampenda mama kwa mapenzi ya mtu aliye mbali, yale ya kununua vitu.

Kwanza alinunua saa ya mkononi. Ukianguka nayo, inapiga simu yenyewe. Mama aliivaa siku mbili, akaitundika kwenye msumari wa kalenda ya parokia.

"Mimi si ndama wa wakwe zako wa kufungwa kengele," aliniambia.

Nilicheka, kwa sababu wakwe zangu kweli ni wafugaji na mama hajawahi kunisamehe kwa hilo. Mdogo wangu hakucheka. Alisema hakuna neno, siku hizi kuna mitambo ambayo mtu havai chochote.

Alikuja nayo mwenyewe likizo ya Pasaka. Ni visanduku vitatu vyeupe vyenye antena fupi, vidogo kuliko katekisimu. Alikifunga kimoja sebuleni, kimoja ukumbini karibu na choo, na kimoja chumbani kwa mama juu ya kabati. Alinieleza kwa raha, na sitamnyima haki yake, anajua kueleza. Vile visanduku vinarushiana mawimbi ya intaneti muda wote, mawimbi yanapita hata ukutani. Mwili wa mtu umejaa maji. Mawimbi yakigonga mwili yanapinda na kupungua nguvu, na mashine inasoma yalivyopinda na kujua mtu amesimama wapi. Hakuna picha wala sauti. Kwenye simu unaona ramani ya nyumba na nukta ya bluu kwa kila aliye ndani; nikitoka mimi inabaki moja tu inayotembea. Hiyo nukta ndiye mama.

Ila mashine hiyo haiji na akili zake. Lazima ifundishwe nyumba, chumba kwa chumba, na mwalimu alikuwa mimi.

Jumapili, mama alipokuwa kwenye misa ya kwanza, nilitoa boksi la chaki lililobaki tangu nistaafu. Tukachora alama za msalaba sakafuni nyumba nzima, hatua mbili mbili. Nilisimama kwenye kila alama dakika moja bila kutikisika, mdogo wangu akiandika kwenye kompyuta yake. Jikoni, ukumbini, chooni, nilisimama. Tulipofika chumbani kwa mama akaniambia, "Dada, sasa lala chini."

"Nilale?"

"Ndiyo. Lazima ijue mtu aliyeanguka anakuwaje."

Nikajilaza kwenye saruji, kati ya kitanda na dirisha, gauni langu la kanisani limekunjwa magotini. Dakika tano. Niliangalia chini ya kitanda cha mama, nikaona sanduku lake la bati na kandambili zake zimepangwa sawasawa. Nakumbuka niliona aibu, kama mtu anayepekua, nikajiambia ni upuuzi. Mdogo wangu akasema, "Safi. Imeshika." Nikanyanyuka na kujipangusa vumbi.

Mama aliporudi aliona mabaki ya chaki karibu na kitanda.

"Nani amechora chumbani kwangu?"

"Fundi wa umeme, mama. Alikuwa anapima."

"Umeme wenu unapita chini siku hizi?"

Tulimwambia visanduku ni vya intaneti, awaone wajukuu wa Dar kwenye simu bila kukatika. Alifurahi. Alitoa kitambaa alichokifuma mwenyewe kwa sindano, cha maua mekundu, akakitandika juu ya kile kisanduku cha chumbani kisipate vumbi, akatushukuru. Tulisimama pale, watu wazima wawili, tukapokea shukrani ile.

Sasa niwaambie ilivyokuwa kuishi na nukta. Wiki haikuisha kabla mambo hayajaingia kwenye kundi la familia la kwenye simu. "Mama ameamka." "Mama yuko jikoni." Siku moja mke wa mdogo wangu akaandika, mbele ya binamu, wapwa na wakwe: "Mwalimu, mama leo ameenda chooni mara tano, unamlisha nini?" Nilikuwa nimeshika chai, nikaiweka chini isije ikamwagika. Mama yangu ni mwanamke ambaye akienda haja hubeba ndoo ya maji kana kwamba anaenda kumwagilia mchicha, ili mtu asijue anakokwenda. Na leo mtu aliyekaa kwenye kochi lake Dar anamhesabia safari zake na kuzitangaza kwa ukoo.

Nilimpigia mdogo wangu, nikamuuliza kama na kwake amefunga visanduku.

"Kwangu vya nini, dada? Hakuna mgonjwa."

Nikamwambia mkuki kwa nguruwe, nikakata simu.

Lakini sikuchomoa waya. Hapo ndipo ninapojichukia. Nami nilikuwa nimezoea. Nikiwa Misungwi, tope limefika magotini, nilikuwa nafuta mkono kwenye kanga na kutazama simu. Nukta iko jikoni. Basi, moyo umetulia. Zamani nilikuwa nampigia kila adhuhuri, namwuliza amekula nini, ananilalamikia kuku wa jirani. Niliacha kupiga. Na jirani nikamwambia asijisumbue tena kuchungulia, tuna mtambo. Mama aliniuliza mara moja tu: "Siku hizi shamba hakuna mtandao?" Nikasema unasumbua.

Mama alikuwa na dada yake, mkubwa kwake kwa miaka miwili, aliyebaki Muleba. Katika watoto tisa wa babu, walibaki wao wawili. Kila Jumapili baada ya misa walipigiana simu na kuongea Kihaya kwa kelele, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye kiziwi. Ugomvi wao mkubwa ulikuwa senene, wale panzi wa kukaanga. Walipokuwa wasichana, chungu kizima cha senene kiliungua jikoni kwa mama yao, na kwa miaka zaidi ya sabini kila mmoja alikuwa anamsingizia mwenzake. Simu iliisha kwa mama kusema, "Ni wewe, na Mungu alikuona," kisha wanacheka mpaka salio linaisha.

Mama mkubwa aliugua ghafla mwezi wa mvua, na siku ya tatu akafariki.

Kundi la familia likawaka moto. Msiba haukujadiliwa sana. Kilichojadiliwa ni mama asijue. Ana presha. Moyo wake hautahimili. Tutamwambia taratibu, baadaye, akishakuwa vizuri. Hivi ndivyo tunavyofanya na wazee wetu, na kila ninayemsimulia anakiri kwao wamewahi kufanya. Tunawapenda mpaka tunawanyima misiba yao. Mdogo wangu aliandika: "Dada, usimwambie. Tafadhali." Binamu wakaunga mkono, na mimi, mwanamke wa kupayuka, nikaandika "Sawa."

Nilimwambia mama naenda Sengerema kwenye harusi ya mwalimu mwenzangu. Nilivuka kwa kivuko cha Kamanga na gauni la kwendea harusini kwenye mkoba, nikapanda basi la Geita, nikaunganisha mpaka Muleba, nikamzika mama mkubwa. Nililia kwa nguvu mpaka sauti ikakauka. Nililia na kwa ajili ya mama, kwa sababu nafasi yake pale mkekani ilikuwa wazi na kila mama aliyenishika mkono aliuliza, "Mama yako yuko wapi?" Nikasema anaumwa.

Niliporudi, mama alinitengea chakula.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Harusi ilikuwaje?"

Nikamsimulia. Nikamwambia bibi harusi alikuwa na shela ndefu iliyobebwa na watoto wawili. Nikamwambia pilau lilipungua chumvi. Mungu anisamehe, nilimsimulia mpaka keki.

Jumapili mama alipiga simu Muleba, haikupatikana. Nikamwambia kuna mtu alisema simu ya mama mkubwa imeharibika. Jumapili iliyofuata alipiga tena. Ya tatu hakupiga. Nilishukuru kwamba amesahau, na nukta kwenye simu yangu ilikuwa inaenda sebuleni, jikoni, chumbani, kama kawaida yake.

Njia ya mwongo ni fupi. Jumanne moja jioni mama alienda kwenye sala ya jumuiya, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikuwepo mama mmoja mgeni kutoka Muleba, amekuja kumtazama binti yake aliyejifungua. Baada ya sala alimshika mama mikono miwili, akamwambia kwa Kihaya, "Pole kwa dada yako. Siku ya mazishi tulikutazamia, hatukukuona."

Mama alinieleza baadaye alivyojibu. Alisema, "Asante. Nilikuwa sijiwezi. Tumeshapoa." Hakutaka mgeni ajue kwamba watoto wake wamemficha. Alitufichia aibu yetu, palepale, akiwa amesimama na habari ile kifuani kama mtu aliyepigwa.

Akarudi nyumbani. Akala. Akaniuliza kama kesho naenda shamba, nikasema naenda.

"Nenda mapema," alisema, "jua lisikukute njiani."

Jumatano nikaondoka alfajiri. Nilipotoka tu, mama alifanya usafi, akaoga, akaingia chumbani na kutia komeo. Akavua kitambaa cha kichwa na gauni, akabaki na shimizi. Akatandika mkeka sakafuni, kati ya kitanda na dirisha kwa sababu hapo ndipo penye nafasi, akajitupa chini kama alivyomwona mama yake akifanya alipofiwa. Alikuwa na rozari na picha ya dada yake. Alitaka kulia bila kutuumiza sisi tuliokuwa tunaogopa asiumie. Alikuwa amepanga siku tatu, kwa mafungu, kila nikitoka. Hivyo ndivyo alivyokuwa ameupanga msiba wake.

Na mashine, ambayo nilikuwa nimeifundisha mwenyewe mahali palepale, kwenye alama ileile ya chaki, ikatuma ujumbe Dar: mtu ameanguka.

Mdogo wangu alimpigia mama, simu imezimwa. Alinipigia mimi mara kumi na moja. Simu yangu ilikuwa kwenye kikapu kwenye tuta, mimi nang'oa magugu jaruba la mwisho. Akampigia mjumbe wetu wa mtaa, ambaye ni mtu mwema, na mjumbe akaja mbio na vijana wanne wa gereji iliyo barabarani. Jirani yangu mwuza dagaa aliwafuata, na yote yaliyosemwa mlangoni nimeyapata kwake, mara nyingi, kwa sababu nimemrudisha arudie.

Mjumbe aligonga. "Bibi! Bibi, uko mzima?"

"Mzima," mama akasema kutoka ndani. "Nimejipumzisha. Nendeni."

Mjumbe alikuwa ameweka simu kwa sauti kubwa. Mdogo wangu akasema kutoka Dar, "Msimsikilize. Mashine inaonyesha yuko chini tangu saa tatu. Mtu akigonga kichwa huwa anajibu hivyohivyo."

"Sijaanguka!" mama akasema. "Nimejilaza mwenyewe. Niacheni, wanangu."

"Mzee," jirani yangu akamwambia mjumbe, "si amesema mwenyewe?"

"Vunjeni," mdogo wangu akasema. "Mlango ni juu yangu."

Nimeyatafakari maneno hayo nikipika, nikipalilia, nikisali. Mwanamke mwenye akili zake timamu, aliyezaa na kulea na kuzika, anasema kwa kinywa chake mwenyewe, kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwamba yuko salama na aachwe. Na ng'ambo ya mlango kuna wanaume watano wanaomheshimu, wanaomwamkia shikamoo kila siku, wanasikia kila neno, halafu wanaamini nukta.

Wakavunja. Walimkuta kichwa wazi, mabega wazi, machozi yamelowesha mkeka. Na mjumbe, ili mtoto aliye mbali atulie moyo, alikuwa amewasha video kwenye simu ile na kuielekeza mbele. Mdogo wangu akamwona mama yetu akiwa na shimizi, chini. Mama aliinua kanga, lakini hakujifunika mwili. Alijifunika uso. Jirani aliwasukuma wanaume nje kwa beseni lake la dagaa, na namshukuru hadi leo.

Nilifika saa nane mchana, tope limekaukia miguuni. Ule mlango ulikuwa umeegemezwa ukutani ukumbini. Mama alikuwa ameketi kitandani, amevaa, amefunga kitambaa kichwani, mikono mapajani. Sikusalimia hata. Nilisema, "Mama, nini tena?"

"Yule bibi harusi wa Sengerema," mama akasema, "alikuwa na shela ndefu, eh?"

Nikakaa kwenye sakafu.

"Sauti yako ilikuwa imekauka siku ile," akaendelea, taratibu kabisa. "Nikajiuliza, harusi gani inamkausha mtu mzima sauti namna hii? Kisha nikajiambia, vigelegele navyo hukausha."

Nililia. Yeye hakulia tena, mbele yangu hakulia. Alinyoosha mkono.

"Nionyeshe hiyo mashine aliyokuwa anaitaja mdogo wako."

Nikafungua simu. Ramani ya nyumba ikatokea, na chumbani kwake nukta mbili.

"Mimi ni ipi?"

Nikamwonyesha. Alisimama, akatembea polepole mpaka mahali mlango ulipokuwa, na nukta ikaenda naye. Akarudi, ikarudi. Akaketi.

"Kwa hiyo mnajua nikiwa jikoni."

"Ndiyo, mama."

"Na chooni."

"Ndiyo."

"Mnajua nilipo saa zote, na mimi sijui kama mnajua." Akaisogeza simu karibu na macho, kana kwamba anatafuta kweli. "Na dada yangu yuko wapi humu?"

Nikamweleza yote basi, chaki, fundi wa umeme wa uongo, na jinsi nilivyojilaza pale pale ili mashine ijifunze. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulilala muda gani?"

"Dakika tano."

"Mimi nilitaka siku tatu," akasema. Akainuka, akachukua kitambaa chake cha maua mekundu juu ya kisanduku, akakikunja na kukitia sandukuni. Kisanduku chenyewe hakukigusa.

Mdogo wangu alishuka uwanja wa ndege kesho yake. Aliingia bila kumtazama mama usoni, mtu wa miaka arobaini na tano, akamshika miguu.

"Nisamehe, mama. Nilidhani unakufa."

"Nilikwambia sijaanguka. Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Basi," mama akasema, na hakuongeza neno.

Mimi niliongeza. Nilimtoa uani, nikamwambia kila kitu kilichokuwa kooni kwangu tangu Pasaka, mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Nilimwambia ametufanya tusahau kwamba mama ana mdomo. Alikubali yote. Halafu, kwa sauti ndogo, akaniuliza, "Dada, na kama kweli angekuwa ameanguka?" Sikuwa na jibu zuri, na sina mpaka leo. Ninachojua ni kwamba siku alipoanguka kweli, pale penye karo, alipoulizwa alisema, "Nimeanguka, niinueni." Mama hajawahi kutudanganya sisi kuhusu mwili wake. Waongo katika nyumba hii walikuwa ni sisi. Nilimwambia hivyo, nikazidi kukasirika kwa sababu alikuwa analia na mimi nilitaka anijibu.

Jumamosi tukampeleka Muleba, sisi watatu. Tukiwa juu ya kivuko cha Kamanga simu ya mdogo wangu ililia. Aliisoma, akanionyesha: hakuna mtu nyumbani. Akaizima.

Kaburi la mama mkubwa liko nyuma ya nyumba, kati ya migomba na mibuni, bado ni udongo mtupu na msalaba wa mbao. Mama aliomba kuachwa. Tulirudi nyuma hatua chache tu. Aliinama, akashika udongo, kisha akajishusha akaketi chini, miguu ameinyoosha, na akalala ubavu kando ya kaburi, shavu kwenye mkono wake. Mdogo wangu alichomoka kwenda kumwinua. Nilimshika shati.

Alikaa pale mchana kutwa. Alilia kama alivyotaka, kwa sauti, na wanawake wa pale walikuja mmoja mmoja wakaketi naye chini, bila kumwuliza kitu. Kuna wakati alinyamaza, akaligonga kaburi kwa kiganja mara mbili kama mtu anayegonga mlango, nikamsikia akisema kwa Kihaya, "Senene niliunguza mimi."

Jua lilipopungua alituita. Tukaketi kwenye majani, kila mmoja upande wake. Mdogo wangu akaanza kusema visanduku atavitoa vyote, akirudi tu atavitoa.

"Viache kama vinakupa usingizi," mama akasema. "Kile cha chumbani toa, na cha karibu na choo toa. Cha sebuleni kibaki. Mzee anaanguka kweli, hata mimi najua." Akajipangusa udongo shavuni. "Ila niambieni kitu kimoja. Siku mmoja wenu akinitangulia, aliyebaki ataniambia? Siku hiyohiyo, kabla ya watu wa kwenye simu?"

"Tutakwambia, mama," mdogo wangu akasema haraka.

Mama hakumtazama. Alikuwa ananitazama mimi, niliyekula pilau la Sengerema. Na mimi nilikuwa tayari naiona picha: mdogo wangu kwenye jeneza, mama kwenye kiti chake Buhongwa na presha yake, kundi zima la familia likiniandikia, mwalimu, tafadhali, usimwambie. Nilisema ndiyo. Nilisema na bado nasema. Lakini nilichelewa kidogo kujibu, na mama hahitaji mashine kujua mtu amesimama wapi.